Mwalimu Naye Hufundishwa: Redio, Baiskeli na Kishikwambi Katika Nchi ya Simiyu



Mwishoni mwa mwaka jana, baada ya sala ya Isha, alinijia nyumbani hapa Bariadi mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mtu wa makamo aliyefikia miaka 55. Tuliamkiana, tukaulizana hali za watoto, kisha akatoa katika kikapu kitu kilichofungwa kwa kitambaa safi kama mtu afungavyo msahafu. Alipokifungua nikaona ni kishikwambi.

Alikipokea pamoja na wenzake baada ya sensa ya mwaka 2022, pale serikali ilipoamua kwamba vifaa vilivyotumika kuhesabia watu vipelekwe mashuleni kwa walimu. Alitia saini kwenye daftari, akakichukua, akakiweka juu ya kabati. Tangu siku ile kimewashwa mara mbili tu, na mara zote mbili aliyekiwasha ni mwanawe. "Maalim," akanambia, "nimeamua kuandika barua ya kustaafu kwa hiari. Siku ya kikao wenzangu wanabonyeza, mimi natazama vidole vyao. Nikiuliza watanicheka. Na wengine wao nimewafundisha mimi."

Nilimpa chai, wala sikumjibu upesi. Maneno yake yalinigusa, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, karibu neno kwa neno, mwaka 1977, nikiwa kijana wa miaka 18. Na chombo kilichonitisha mimi kilikuwa redio. Nilimsimulia habari hiyo usiku ule hadi chai ikapoa. Naona si vibaya kuisimulia na hapa, maana walioiona wanapungua, na wasioiona hudhani kwamba mambo haya ya mwalimu kujifunza vyombo vipya akiwa kazini yameanza jana.

Kwanza tuelewane juu ya mahali. Simiyu ni mkoa mpya kwa jina. Ulikatwa kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, makao yake yakawa Bariadi, nao una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Katika zama ninazozitaja sisi wa Bariadi tulikuwa watu wa Shinyanga. Lakini nchi ni ile ile: pamba, mifugo, na mbuga za udongo mweusi ambao wakati wa kiangazi hupasuka mtu akaingiza mkono, na wakati wa mvua hunasa gurudumu likagoma kuzunguka. Mshike moyoni udongo huo, ndugu msomaji, kwa kuwa una sehemu yake katika historia ya elimu.

Katika nchi hii watu wazima ndio waliotangulia kuonjeshwa mambo mapya. Mwaka 1968 ulianza mradi wa kufuta ujinga ulioendeshwa na serikali pamoja na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, katika mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake viliandikwa juu ya kazi za watu wenyewe, na mkulima wa pamba alijifunza herufi kwa maneno ya pamba. Marehemu baba yangu alikuwa anasoma msahafu vizuri kabisa, lakini jina lake kwa herufi za Kirumi hakulijua. Alijifunza usiku, kwa taa ya karabai, akiwa na watu wazima wenzake, na aliyewafundisha alikuwa kijana wa pale pale kijijini aliyepewa semina fupi. Nakumbuka alivyorudi akicheka kwamba mwalimu wake ni mtoto wa jirani aliyekuwa akimtuma dukani. Lakini alikwenda, na akarudi tena kesho yake.

Kisha mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu kiasi cha milioni 2 nchi nzima walikaa vikundi vikundi kuisikiliza redio kwa saa maalumu, wakiwa na kijitabu mkononi na kiongozi wa kikundi mbele yao, halafu wakainuka kwenda kuchimba vyoo. Kwa hiyo redio ilikuwa imekwisha kuzoeleka kama chombo cha kufundishia kabla haijaletwa kwa walimu.

Mambo yalibadilika Novemba 1974. Katika mkutano wa Musoma chama cha TANU kiliazimia kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe shuleni ifikapo Novemba 1977, ingawa mpango wa awali ulikuwa kulifikia jambo hilo mwaka 1989. Fikiri uzito wake. Katika miaka michache hesabu ya watoto wa shule za msingi ilipanda kutoka kiasi cha milioni 1 na nusu ikavuka milioni 3. Walimu wangetoka wapi? Vyuo havikutosha, na kuvijenga vingine kulihitaji miaka na fedha ambazo hazikuwako.

Jibu lililopatikana lilikuwa la ajabu kwa wakati ule: kijana asikifuate chuo, chuo kimfuate kijana kijijini. Kuanzia mwaka 1976 walichukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wenye umri wa miaka 17 au zaidi, wakawekwa katika shule za vijiji vyao. Walifundisha vipindi vichache kwa siku chini ya macho ya mwalimu mkuu, na saa zilizobaki walijifunza kazi hiyo hiyo kwa njia tatu zilizofungwa pamoja: vijitabu vilivyokuja kwa posta, vipindi vya redio kutoka Dar es Salaam, na mkufunzi aliyezunguka kituo hadi kituo. Mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma machache, wakafanya mtihani. Kwa njia hiyo walipatikana walimu zaidi ya 35,000. Mimi ni mmoja wao.

Wenye maneno hawakukosa la kusema. UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, wakaifasiri "Ualimu Pasipo Elimu". Tuliitwa hivyo sokoni na kwenye basi, na hata na wazazi wa watoto tuliowafundisha kusoma.

Sasa habari ya redio. Siku ya kwanza mkufunzi aliiweka mezani katikati yetu, tulikuwa vijana 9, akaniamuru mimi nisimamie kipindi: niwashe, niandike ubaoni mambo muhimu, kisha niongoze mazungumzo. Nikawasha. Msemaji akaanza, nami nikaanza kuandika maneno yake. Nilipomaliza sentensi ya kwanza yeye alikuwa ya nne. Nikafuta, nikaandika, nikafuta tena; chaki ikakatika, wenzangu wakaanza kucheka, na kipindi kikaisha ubao ukiwa na maneno matano yasiyo na mwanzo wala mwisho. Jioni nilimfuata mkufunzi, nikamwambia kwamba mimi narudi kwenye pamba ya baba. Kazi hii wapo wanaoiweza, na wenzangu wananicheka.

Hakunipa mawaidha marefu. Alisema: "Kijana, yule bwana wa redio hawezi kukusubiri, wala usishindane naye. Usiandike anayosema. Kabla hujawasha, andika ubaoni mambo matatu ambayo wasikilizaji wayatege sikio. Akisema, nyamaza nawe usikilize. Akinyamaza, ndipo kazi yako inaanza: waulize yale matatu." Juma lililofuata nilifanya hivyo, na kipindi kikaenda. Nimefundisha zaidi ya miaka 40 kwa kanuni hiyo. Ilikuwa ya redio, lakini imenifaa kwa kitabu, kwa picha ya ukutani, na hata kwa mgeni aliyekuja kuzungumza na wanafunzi.

Hapo, ndugu msomaji, ndipo penye kiini cha ninalotaka kulisema. Redio haikunifundisha kuitumia redio. Kijitabu kilieleza vizuri, nami nilikuwa nimekisoma, na bado nilishindwa. Aliyenifundisha alikuwa mtu aliyeniona nikishindwa, akaujua mahali ugonjwa ulipo, akanipa dawa ya maneno machache, kisha akarudi juma la pili kutazama kama nimepona. Mtu yule alikuja kwa baiskeli. Wakati wa masika, mbuga zilipogeuka ugali, tulimwona kwa mbali akija amejitwika baiskeli begani, na vijitabu vyetu amevifunga katika mfuko wa nailoni kifuani visilowe. Siku nyingine mito ilijaa akashindwa kuvuka. Basi siku hizo redio ilisema na sisi tukaisikiliza, lakini kikao kilipooza, na aliyekosea alibaki na kosa lake.

Wala jambo hili halikuwa geni kwetu tuliopitia madrasa. Chuoni kwetu tuliandika juu ya ubao kwa kalamu ya tete na wino wa masizi, na somo likishahifadhiwa ubao huoshwa kuandikwa jingine. Sheikh wetu alikuwa na watoto zaidi ya 60. Hakuweza kumshika kila mmoja mkono. Aliyenishika mkono wangu na kunionyesha jinsi ya kuiinamisha kalamu alikuwa mwanafunzi aliyenipita kwa juzuu tatu tu, naye alikuwa bado anajifunza. Nilipomsimulia sheikh aibu yangu ya redio aliniuliza swali moja, kama niliwahi kuona haya kushikwa mkono na yule mwenzangu. Nikasema hapana. Akaendelea kutia uradi wake.

Tuitazame na nchi nyingine, maana wakati ule ule kulikuwa na waliochagua chombo kikubwa zaidi. Kodivaa, huko Afrika ya Magharibi, kuanzia mwaka 1971 ilipeleka televisheni katika shule za msingi, hata vijiji visivyo na umeme vikawashiwa kwa betri, na masomo yakatengenezwa mahali pamoja mjini Bouaké kwa msaada mkubwa wa nje. Ilikuwa moja ya kazi kubwa za aina hiyo duniani, na wageni walikwenda kuitazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaachwa. Gharama zilikuwa nzito, na walimu wengi na wazazi hawakuipenda. Mwalimu aliona amefanywa mtu wa kuwasha na kuzima. Sisi Bara hatukuwa hata na televisheni ya kuachana nayo, kwani ya kwanza ilikuja mwaka 1994. Umaskini wetu ulitulazimisha kumtegemea mtu wa baiskeli.

Lakini nisije nikaisifu mno zama yangu, kama ilivyo desturi ya wazee. Tulikosea mengi. Kijana wa darasa la saba aliyetatizwa na sehemu na desimali alisimamishwa kuwafundisha wengine sehemu na desimali, na wapo watoto waliolipia ujinga wetu. Kisha vikaja vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, mafuta yakapanda bei, bidhaa zikapotea madukani. Betri za redio tulizianika juani asubuhi ili zipate nguvu ya robo saa ya mchana. Mpango wenyewe ulipofikia mwisho, mkufunzi wetu hakuja tena. Redio ilibaki shuleni kwa muda, lakini ilikuwa ya kusikiliza taarifa ya habari, mpira na matangazo ya vifo. Chombo kilikuwa ni kile kile, nacho kilikuwa kizima.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwa sababu kwa mwalimu wa kijijini ilikuwa miaka ya kuachwa peke yake. Vilijengwa Vituo vya Walimu, vingine vizuri. Lakini mwalimu wa mbali alivifikia kwa nauli yake mwenyewe, na nauli haikuwako. Mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ada ikawa imefutwa, madarasa yakafurika tena kama mwaka 1977. Mwaka 2016, elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo hadi kidato cha nne, yakafurika mara ya tatu.

Mwaka 2014 ndipo nilipoona kitu kilichonikumbusha ujana wangu. Mpango wa kuinua ubora wa elimu uliojulikana kama EQUIP-Tanzania, uliogharimiwa na Uingereza, uliichukua Simiyu miongoni mwa mikoa yake. Walimu wa madarasa ya mwanzo walifundishwa pale pale shuleni namna ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu. Hilo lilikuwa na uzito wa pekee kwetu, kwani mtoto wa hapa huja shuleni na Kisukuma chake kitupu, akakutana na Kiswahili kama mtu akutanaye na mgeni gizani. Walimu wakuu walipewa vishikwambi vya kutunzia habari za shule, na waratibu elimu wa kata walipewa pikipiki. Magazeti yalipenda kupiga picha za vishikwambi. Mimi, kwa rai yangu, ningepiga picha za pikipiki. Mratibu wetu, ambaye kabla ya hapo tulimwona kwa mwaka mara moja au mbili, alianza kuja, akaketi nyuma ya darasa langu akitazama ninavyofundisha. Nilikuwa na miaka 55 wakati huo, na nakiri kwamba siku ya kwanza magoti yalinitetemeka.

Naongeza hapa jambo dogo ambalo si la mitambo. Watu wa mjini wakisikia "teknolojia ya darasani" hufikiri vioo na nyaya. Kwetu chombo kikuu cha darasani ni chaki, na imekuwa chaki tangu wakati wa Mwingereza. Mwaka 2016 vijana wa Maswa, wakisaidiwa na halmashauri yao, walianzisha kiwanda cha chaki. Nilizitumia katika miaka yangu ya mwisho kazini. Mtoto mmoja aliponiuliza chaki zinatoka nchi gani, nami nikamjibu Maswa, hakuniamini hata nilipomwonyesha kasha.

Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa korona, shule zilifungwa hadi Juni. Nilikuwa nimestaafu mwaka uliotangulia. Nikiwa barazani nikasikia kwa jirani sauti ya mwalimu akifundisha hesabu kwa redio, na watoto wa jirani wako mtaani wanacheza. Mama yao aliwaita, wakaketi, wakasikiliza dakika mbili, wakaondoka. Nilichukua kipande cha mkaa, nikaandika maswali matatu ukutani.

Basi vishikwambi vya mwaka 2022 vilikuja kwa wingi usiowahi kuonekana, karibu 300,000 kwa nchi nzima. Jina lenyewe la kishikwambi watu walilicheka mwanzoni, sasa limezoeleka. Pamoja navyo upo utaratibu wa serikali uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao kwa maandishi ni mwema sana: walimu wa shule moja wawe jumuiya ya ujifunzaji, wakutane kwa ratiba, mmoja aeleze linalomshinda, wenzake wamsaidie, na moduli za kujisomea, pamoja na vitabu katika Maktaba Mtandao, zimewekwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwaka 2024 umeanza mtaala mpya, na haja imekuwa kubwa zaidi.

Nasema kwa maandishi, kwa sababu mimi ni mjumbe wa kamati ya shule na huingia madarasani kufundisha kipindi cha dini, nami naona. Katika shule moja nisiyoitaja, daftari la jumuiya limejaa saini za vikao ambavyo havikukaliwa. Vishikwambi vimo ndani ya kabati la chuma, na ufunguo uko kwa mtu aliyesafiri. Ukiuliza sababu utaambiwa umeme, nalo ni kweli. Utaambiwa bando, nalo ni kweli pia, maana mwalimu hulinunua kwa mshahara wake. Lakini ukikaa nao hadi wakakuzoea, utasikia sababu ya tatu ambayo haiandikwi katika taarifa yoyote, nayo ni haya. Mtu aliyeitwa mwalimu kwa miaka 30 haoni njia ya kusema "sijui" mbele ya mtoto aliyemfundisha kuhesabu vijiti. Hakuna mfumo wa kompyuta unaoweza kuitibu haya hiyo kutoka Dar es Salaam. Anahitajiwa mtu wa kumkalia karibu, na mtu huyo apewe usafiri na muda wa kufika, tena arudi juma la pili. Tuliyaweza hayo kwa baiskeli katika nchi iliyokosa hata betri.

Yule mgeni wangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama yule mkufunzi wa baiskeli yu hai. Nikamwambia amekwisha kutangulia mbele ya haki. Akanyamaza, akakifunga kishikwambi chake katika kitambaa, akaaga.

Shuleni kwake yuko mwalimu kijana wa kike aliyepata kuwa mwanafunzi wake wa darasa la tatu. Alinisimulia baadaye kwamba alimwendea wakati wa mapumziko, chini ya mwembe, penye watu wachache. Binti alisimama, akasema, "Shikamoo mwalimu," akamwachia kiti, yeye akachutama. Siku ya kwanza walijifunza kuwasha, kuzima, na kuongeza sauti, basi. Siku ya pili alimfundisha kurekodi. Sasa darasa la kwanza, kabla ya kusoma ubaoni, huisikia hadithi fupi kwa Kiswahili kwa sauti ya mwalimu wao wenyewe kutoka katika kishikwambi, huku yeye akitembea kati ya madawati akiinamia midomo ya watoto kusikia nani hatamki. Nilimuuliza kama huwaandikia maswali kabla ya kuwasha. Akacheka, akasema watoto hawajui kusoma bado. Huwachorea picha tatu.

Ile barua ya kustaafu sijui iko wapi, wala sikuiuliza. Juma lililopita alipita mbele ya nyumba yangu akienda haraka, nikamkaribisha chai akakataa. Alisema betri imebaki kidogo, na yule mwenye sola anayewachajia hufunga duka kabla ya Magharibi.